Kitanda cha safari cha mtoto: Mambo ya kukagua kabla ya kununua, kuazima au kukodi

KILA Desemba, familia nyingi nchini Kenya hufunga virago na kuelekea mashambani, Pwani au kwa jamaa walioko miji mingine. Nguo hupangwa mapema, zawadi za nyanya na babu hununuliwa na nauli hutengwa. Suala la mahali atakapolala mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi mitatu, hata hivyo, aghalabu huachwa hadi usiku wa kwanza, wakati kila mtu amechoka na taa zinakaribia kuzimwa.

Matokeo yake ni kwamba mtoto hulazwa popote palipo na nafasi: katikati ya watu wazima wawili, juu ya kochi, pamoja na binamu zake wakubwa kwenye kitanda cha ghorofa, au ndani ya kitanda cha kukunja kilichotolewa stoo na ambacho hakuna aliyekikagua kwa miaka kadhaa.

Wala suala hili si la Desemba pekee. Maelfu ya watoto wa mijini hulala usingizi wa mchana nje ya kwao siku tano au sita kwa wiki, katika vituo vya malezi ya watoto au nyumbani kwa majirani wanaolipwa kuwatunza wazazi wakiwa kazini.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika mwongozo wake wa mwaka wa 2019, linapendekeza kwamba mtoto wa umri wa mwaka mmoja hadi miwili alale kati ya saa 11 na 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukijumuishwa. Hii ina maana kwamba kitanda ni miongoni mwa vifaa vichache ambavyo mtoto huachwa navyo peke yake, gizani, kwa saa nyingi mfululizo. Kasoro ya kigari cha kusukuma itaonekana na anayekisukuma. Kasoro ya kitanda huenda isionwe na yeyote hadi asubuhi.

Aina zinazopatikana

Kitanda kinachojulikana zaidi ni kile chenye fremu ya chuma au plastiki ngumu, kuta nne za wavu na sakafu inayokunjika vipande vinne. Kikifungwa huwa kama mkoba mrefu, na uzito wake aghalabu ni zaidi ya kilo 7. Hiki ndicho kinachofaa zaidi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, kwa kuwa kina kuta pande zote na hakimruhusu kutoka na kuzurura usiku katika nyumba asiyoifahamu. Uzito wake ni tatizo kwa anayesafiri kwa matatu na kubadilisha gari mara mbili, lakini si tatizo kwa mwenye gari au anayesafiri kwa treni.

Aina ya pili ni kitanda kidogo cha turubai kilichotandazwa juu ya miguu ya chuma inayokunjika, mfano wa vile vinavyotumiwa kambini. Hakina kuta. Kinamfaa mtoto aliyetimiza miaka miwili au zaidi, ambaye tayari amezoea kulala kwenye kitanda kilicho wazi. Kwa kuwa kimo chake ni kifupi, akianguka haumii sana, mradi sakafu isiwe na vitu vyenye ncha.

Tatu ni godoro jembamba la sponji linalokunjwa mara tatu na kuwekwa sakafuni. Ni rahisi kubeba, halina bawaba wala komeo la kuharibika, na kwa safari nyingi za mashambani hutosha kabisa.

Nne ni godoro la kujazwa hewa. Hili linahitaji tahadhari ya kipekee. Halifai hata kidogo kwa mtoto wa chini ya miezi 15, kwa sababu hupoteza hewa polepole usiku na kubonyea, na uso wa mtoto unaweza kuzama katika shimo linalofanyika au kubanwa kati ya godoro na ukuta. Kwa mtoto mkubwa zaidi, lile lenye kingo zilizoinuka hutumika, ila lisigusane na ukuta na lijazwe hewa hadi liwe gumu.

Susu ya kuning'inia na kapu la kumlazia mtoto mchanga havimfai mtoto anayeweza kuketi au kusimama. Vivyo hivyo, kiti cha mtoto cha garini si kitanda. Mtoto akilala humo garini si neno, lakini safari ikiisha atolewe na kulazwa mahali palipo bapa.

Funzo la Chicago

Mnamo Mei 1998, mtoto wa miezi 16 aitwaye Danny Keysar alilazwa usingizi wa mchana nyumbani kwa mlezi aliyekuwa akilipwa kumtunza jijini Chicago, Marekani. Alilazwa ndani ya kitanda cha kukunja aina ya Playskool Travel-Lite. Fito za juu za kitanda hicho ziliporomoka katikati zikafanya umbo la herufi V, zikambana shingoni. Danny alifariki.

Kilichowatikisa wengi ni habari iliyojitokeza baadaye. Vitanda vya aina hiyo vilikuwa vimeagizwa kuondolewa sokoni mwaka wa 1993, miaka mitano kabla ya kifo hicho. Mlezi hakujua. Wazazi hawakujua. Danny alikuwa mtoto wa tano kufariki katika kitanda cha aina hiyo, na wa sita alifariki miezi mitatu baadaye, Agosti 1998.

Wazazi wake, Linda Ginzel na Boaz Keysar, ambao ni wasomi wa Chuo Kikuu cha Chicago, walianzisha shirika la Kids In Danger mwaka huo huo ili kupigania usalama wa bidhaa za watoto. Mnamo 2008, Bunge la Marekani lilipitisha sheria mpya ya usalama wa bidhaa, na sehemu yake inayohusu bidhaa za watoto wachanga na wadogo ikapewa jina la Danny. Sehemu hiyo inailazimisha serikali kuweka viwango vya lazima, na inamtaka mtengenezaji aambatanishe kadi ya usajili na kila kitanda ili aweze kumfikia mnunuzi moja kwa moja kasoro ikigunduliwa. Viwango vya lazima kuhusu vitanda vya kukunja vyenye kuta za wavu vilianza kutekelezwa Februari 2013.

Kisa hicho kina mafunzo mawili kwa mzazi yeyote popote alipo. Kwanza, hatari kuu ya kitanda cha kukunja ni ile ile sifa inayokifanya kipendwe: kinakunjika. Kikikunjika wakati mtoto yumo ndani, huwa mtego. Pili, agizo la kuondoa bidhaa sokoni haliiondoi bidhaa hiyo majumbani. Kitanda hubaki stoo, huazimwa, hupewa jamaa, huuzwa tena, na kila kinapohama habari za kasoro yake hubaki nyuma.

Vitanda vya mitumba na vya kuazima

Funzo hilo la pili lina uzito wa kipekee nchini Kenya. Vitanda vingi vya safari vinavyouzwa hapa huagizwa kutoka ng'ambo. Vipya hupatikana katika maduka ya bidhaa za watoto kama yale ya barabara ya Biashara jijini Nairobi na katika maduka makubwa. Vilivyotumika huuzwa masokoni, kwenye intaneti na miongoni mwa marafiki. Aliyekinunua kwanza Ulaya au Marekani ndiye aliyejaza kadi ya usajili, ikiwa aliijaza. Mtengenezaji akitoa tahadhari, barua itamwendea yeye, si mama aliyekinunua Toi au Kongowea.

Mfano wa karibuni unadhihirisha jambo hilo. Mnamo Aprili 2019, kampuni ya Fisher-Price iliagiza kurejeshwa kwa vitanda vya watoto wachanga vilivyoinama, aina ya Rock 'n Play, vipatavyo milioni 4.7, baada ya ripoti za vifo vya zaidi ya watoto 30. Mwaka wa 2022, Marekani ilipiga marufuku kwa sheria vitanda vya watoto wachanga vya mwinamo wa aina hiyo. Hata hivyo, bidhaa iliyokwisha kuuzwa kwa mamilioni haiwezi kutoweka kwa siku moja.

Hii haimaanishi kwamba kila kitanda cha mitumba ni kibaya. Maana yake ni kwamba mnunuzi analazimika kufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na kadi ya usajili. Atafute kibandiko chenye jina la mtengenezaji, namba ya muundo na tarehe ya kutengenezwa, ambacho aghalabu hushonwa chini ya sakafu ya kitanda au kubandikwa kwenye mguu. Kisha aandike jina na namba hiyo kwenye intaneti na kuangalia iwapo imo katika orodha za bidhaa zilizoondolewa sokoni, ambazo Marekani, Uingereza na Umoja wa Ulaya huzitoa bila malipo. Kitanda kisicho na kibandiko chochote ni afadhali kiachwe, kwa kuwa hakuna njia ya kujua historia yake.

Kwa kitanda kipya, mnunuzi aangalie alama ya ubora ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa nchini (KEBS), adai risiti na kuhifadhi kijitabu cha maelezo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata bidhaa za ubora unaostahili, habari za kutosha kuzihusu na kulindwa kwa afya na usalama wake. Haki hiyo ni vigumu kuidai bila risiti.

Ukaguzi wa mkono

Ukaguzi wa kitanda cha kukunja hauhitaji fundi wala kifaa maalumu, na haumalizi dakika tano. Ufanywe kabla ya kulipa, na urudiwe kila kitanda kinapofunguliwa, hata kiwe kile kile kilichotumika jana.

Kwanza, kifunguliwe kwa utaratibu ulioandikwa. Katika vitanda vingi vya aina hii, fito nne za juu huvutwa na kukazwa kwanza huku kitovu cha sakafu kikiwa kimeinuliwa, na sakafu husukumwa chini mwisho. Anayeanza na sakafu hushindwa kuzikaza fito, na wengi huziacha zikiwa zimekaza nusu.

Pili, kila ufito wa juu ukandamizwe katikati kwa kiganja na kwa nguvu za mtu mzima, mmoja baada ya mwingine. Ufito unaoshuka, hata kidogo, ni sababu tosha ya kukikataa kitanda. Kusikia mlio wa komeo hakutoshi, kwa maana komeo lililochakaa hulia bila kushika.

Tatu, matundu ya wavu yawe madogo, yasiyozidi milimita 6, kiasi kwamba kifungo cha shati hakiwezi kunasa humo. Wavu uliochanika, hata pakiwa pameshonwa kwa uzi, ni hatari: kidole, kifungo au kichwa hupenya palepale palipowahi kuachia.

Nne, pembe za juu zisiwe na vitu vilivyochomoza ambavyo vinaweza kunasa kola ya nguo. Kwa sababu iyo hiyo, mtoto avuliwe mkufu, hirizi au uzi wowote wa shingoni kabla ya kulazwa, na kamba ya chuchu bandia iondolewe.

Tano, ikiwa kitanda ni cha mbao, nafasi kati ya ufito na ufito isizidi sentimita 6. Mkebe wa kawaida wa soda ukipita katikati ya fito hizo, basi mwili wa mtoto unaweza kupita na kichwa chake kukwama.

Mwisho, kitanda kilichokwisha kutengenezwa kwa waya, kamba au msumari mahali palipovunjika komeo kisitumiwe. Mafundi wa jua kali wana ustadi mkubwa wa kufufua vitu, na kwa meza au kabati ustadi huo ni baraka. Komeo la kitanda cha mtoto, hata hivyo, lilipimwa na mtengenezaji kwa uzito maalumu, na waya hauwezi kuchukua nafasi yake.

Godoro jembamba si kasoro

Malalamiko yanayosikika sana kuhusu kitanda cha safari ni kwamba godoro lake ni jembamba na gumu mno. Unene wa mengi haufiki inchi mbili. Nyanya akiliona humhurumia mjukuu, naye kwa mapenzi hutoa sponji ya inchi tatu au nne na kuiongeza juu, kisha mto, kisha blanketi zito.

Hapo ndipo wema unapozaa hatari. Godoro la kuongezwa halitoshei kwa ukamilifu, hivyo hubaki mwanya kati yake na ukuta wa wavu. Wavu hunyumbuka, mtoto akijiviringisha hadi kwenye mwanya huo, uso hubanwa na asipate hewa. Isitoshe, godoro nene hupunguza kimo cha ukuta, na mtoto aliyekuwa hawezi kuupanda sasa anaweza. Kutoka juu ya godoro hadi ukingo wa kitanda, pasipungue sentimita 50.

Kanuni ni moja: kitanda kitumiwe na godoro lililokuja nacho, na hilo pekee. Shuka iwe ya kukaza kwenye pembe, si ya kulegea. Vidole viwili vya mtu mzima visiweze kupenya kati ya godoro na ukuta. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hahitaji mto, blanketi la kulegea wala vikaragosi ndani ya kitanda. Ikiwa ni baridi, kama inavyokuwa Limuru au Nyandarua, avishwe nguo za kutosha badala ya kurundikiwa mablanketi.

Wapo pia wanaolinda godoro dhidi ya mkojo kwa kutandika karatasi ya nailoni, au kwa kuliacha godoro jipya ndani ya plastiki lililonunuliwa nayo. Plastiki hiyo laini hugandamana na pua na mdomo. Iondolewe na kutupwa, na badala yake itumiwe makintoshi nene inayokazwa chini ya shuka.

Neti na malaria

Kwa familia inayotoka Nairobi, Nyeri au Nakuru kuelekea maeneo ya Ziwa Victoria au Pwani, swali la kitanda haliwezi kutenganishwa na swali la mbu. Mbu wanaoambukiza malaria huuma hasa kuanzia magharibi hadi alfajiri, na watoto wa chini ya miaka mitano ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kulemewa na ugonjwa huo. Mtoto aliyelelewa sehemu za baridi huwa hajajenga kinga yoyote ya mwili dhidi yake.

Kwa hivyo, kitanda chochote kitakachochaguliwa lazima kiwe kile kinachoweza kuwekewa neti. Wavu wa ukuta wa kitanda si neti. Matundu yake humpitisha mbu bila shida. Neti iliyotiwa dawa ifunike kitanda kizima kutoka nje, ikazwe vyema ili isilegee ndani na kumzonga mtoto, na pindo zake zichomekwe chini ya kitanda au godoro. Neti ya umbo la pia, inayoning'inizwa kwa kamba moja kutoka kwenye boriti, ndiyo nyepesi kutumia ugenini. Neti mpya yenye dawa ianikwe kivulini kwa saa 24 kabla ya kutumiwa mara ya kwanza.

Neti ndogo za mwavuli zinazowekwa sakafuni humfaa mtoto mchanga asiyeweza kuzisukuma. Mtoto wa miaka miwili huzipindua usingizini na kulala nje, au zikamwangukia.

Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini Kenya Septemba 2019, katika kaunti zilizoathiriwa zaidi za eneo la magharibi. Chanjo hiyo hupunguza hatari lakini haiiondoi, na wataalamu wanasisitiza kwamba neti iendelee kutumiwa. Mtoto akipatwa na homa wiki moja au zaidi baada ya kurejea nyumbani, mzazi ampeleke hospitalini na amweleze daktari alikotoka ili apimwe malaria bila kukawia.

Mahali pa kukiweka

Kitanda kizuri kilichowekwa mahali pabaya hakimfai mtoto. Kisiwe chini ya dirisha, wala karibu na kamba za pazia, nyaya za umeme, soketi au rafu yenye vitu vizito. Kikae katika chumba walimo wazazi, hasa siku za kwanza, maana mtoto akiamka gizani ugenini hukosa kujua alipo.

Moto unastahili kutajwa peke yake. Mshumaa, taa ya mafuta au dawa ya mbu ya kuwashwa haipaswi kuwa karibu na neti. Jiko la makaa lisiingizwe kabisa katika chumba cha kulala, hata likiwa limekwisha kuiva na halitoi moshi. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua waliolala kabla hawajaamka, na mtoto huzidiwa mapema kuliko mtu mzima.

Lini aachane nacho

Kila kitanda cha safari kina kikomo. Vingi vya kutoka Ulaya vimetengenezewa mtoto asiyezidi kilo 15, na vya Marekani takriban kilo 13.6. Kikomo cha urefu aghalabu ni sentimita 89. Lakini ishara iliyo muhimu kuliko kipimo chochote ni tabia ya mtoto mwenyewe: siku atakapofaulu kuinua mguu na kuuweka juu ya ukingo, kitanda hicho kimekwisha kazi. Ukuta uliokuwa ukimlinda sasa humwongezea kimo cha kuangukia.

Kuanzia hapo, kitanda cha turubai au godoro la sakafuni ndilo salama zaidi. Kitanda cha juu katika vitanda vya ghorofa kisitumiwe na mtoto wa chini ya miaka sita, hata kama binamu zake wanamwita.

Pasipo na kitanda

Si kila mzazi anayeweza kununua kitanda cha safari, na si kila safari inakihitaji. Godoro jembamba na thabiti la sponji, likiwekwa sakafuni juu ya mkeka safi, mbali na kuta na samani, chini ya neti iliyochomekwa vizuri, ni malazi salama kwa mtoto aliyetimiza mwaka mmoja. Sakafu ikaguliwe kwanza: sarafu, vidonge, betri ndogo, sumu ya panya na nyaya viondolewe, na mlango wa kutokea nje ufungwe. Mtoto aliye sakafuni hana pa kuangukia, ila ana nafasi ya kufika popote.

Kilicho hatari zaidi ni kile kinachoonekana kuwa suluhisho la haraka: kumlaza peke yake kwenye kitanda cha watu wazima kilichosukumwa ukutani. Mwanya mdogo kati ya godoro na ukuta, usioonekana na yeyote mchana, hupanuka kwa uzito wa mtoto usiku. Kochi pia lina mianya kama hiyo kati ya mito yake.

Kwa wanaofikia hotelini, ni vyema kuuliza mapema iwapo kuna kitanda cha mtoto, ni cha aina gani, na iwapo kina godoro lake. Mgeni ana haki ya kukikagua na kukikataa. Maswali hayo hayo yaulizwe katika kituo cha malezi, ambako mtoto hulala mara nyingi zaidi kuliko hotelini: analala wapi, juu ya nini, watoto wangapi hulala kitanda kimoja, na ni nani huwatazama wakiwa wamelala. Mlezi mzuri hatachukizwa na maswali hayo.

Kumzoesha kabla ya safari

Kitanda kipya kisifunguliwe kwa mara ya kwanza ugenini. Mtoto akilazwa ndani yake nyumbani kwa usiku mbili au tatu kabla ya safari, huacha kukihofia, na wazazi nao hujifunza kukifungua bila kubabaika. Shuka anayoijua isifuliwe siku ya kuondoka, ili ibebe harufu ya nyumbani. Ada za kila usiku, kama vile kuoga, hadithi fupi au wimbo, zifuatwe kama kawaida.

Ni busara pia kuwaarifu wenyeji mapema. Katika jamaa nyingi, mjukuu hulala na nyanya yake, na kitanda kinachoshushwa garini bila maelezo kinaweza kuonekana kama dharau. Maneno machache ya heshima kabla ya siku hiyo huzuia manung'uniko, na aghalabu nyanya mwenyewe huwa wa kwanza kutenga mahali pa kukiweka.

Kwa ufupi

Kabla ya kumlaza mtoto, anayemtunza ahakikishe kwamba:

- Fito zote nne zimekandamizwa na hazishuki.
- Godoro ni lile lililokuja na kitanda, na halina mwanya pembeni.
- Hakuna plastiki laini, mto mkubwa wala kamba ndani ya kitanda.
- Wavu haujachanika na hakuna komeo lililofungwa kwa waya.
- Neti imefunika kitanda kizima na imechomekwa.
- Kitanda kiko mbali na dirisha, nyaya na moto.
- Mtoto hajazidi uzito ulioandikwa wala hajaanza kupanda ukingo.

Kitanda cha bei nafuu kinachotimiza masharti hayo ni bora kuliko cha bei ghali kisichoyatimiza. Na kwa kuwa mtoto akiwa nje ya kwao huweza kulazwa na shangazi, jirani au mlezi wa kulipwa, orodha hii haimfai mzazi pekee. Inamhusu yeyote atakayezima taa usiku huo.